Ishusheni ile chupa

Ntinda, Kampala

Mpendwa Akello,

Habari za Gulu? Watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Niliposoma kwamba mgeni wenu kawaachia chupa ya mvinyo mwekundu wa Château Latour wa 2010, na kwamba shemeji ameiweka juu ya kabati la televisheni ikingoja Krismasi, nimeona nikujibu leo leo.

Tafadhali ishusheni. Shamba la Latour liko Pauillac, Bordeaux, huko Ufaransa, kando ya mlango wa mto Gironde, na tangu 1855 limo katika daraja la kwanza la mvinyo wa Bordeaux. Mizabibu yake imeota kwenye changarawe, na mvinyo wake mkuu hutoka hasa kwa Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo za ganda nene. Ganda hilo ndilo lenye ukakasi, yaani tanini. Ukiunywa ungali mchanga, ulimi unakauka kama umetafuna ndizi mbichi.

Kwanza hukaa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, mwaka na nusu hivi, hewa ikipenya kidogo kidogo kwenye mbao. Chupani kazi inaendelea miaka na miaka: tanini hushikana, zikawa nzito, zikatua chini kama mashapo. Wekundu wa zambarau hugeuka wa tofali, na harufu ya matunda huipisha ile ya mwerezi, tumbaku na ngozi. Mavuno ya 2010 yalikuwa na nguvu ya kuvuka miongo. Wenye Latour wenyewe walitangaza 2012 kwamba wanaacha desturi ya Bordeaux ya kuuza mvinyo ukiwa bado mapipani. Sasa huukalisha ghalani mwao hadi waone umefikia. Nawaheshimu sana kwa hilo, maana ni hela nyingi zinazolala.

Sasa fikiria joto la Gulu mwezi wa Januari! Mvinyo huu unataka nyuzi 12 hadi 14, giza na utulivu. Joto likizidi unavimba, unasukuma kizibo, ladha inakufa. Ilazeni chupa ubavu ili kizibo kisikauke, kwenye chumba chenu chenye ubaridi kuliko vyote. Hapa hotelini tuna kabati la mvinyo linaloshikwa na jenereta umeme ukikatika, na meneja amekubali niwatunzie. Ukija, panda basi la usiku na uishike mwenyewe. Isikae kwenye buti.

Mtoto wenu wa kwanza alizaliwa mwaka huo huo. Mimi ningengoja amalize chuo. Shemeji akishikilia Krismasi, isimamisheni siku moja kabla, mashapo yatue, kisha mimina polepole kwenye jagi la kioo saa mbili tatu kabla ya kula, na uache tope la mwisho chupani.

Ila kwanza nipigie picha ya shingo ya chupa, mwanga ukiwa nyuma yake, unitumie kwa simu. Nikikuta mvinyo umeshuka hadi mabegani, kizibo kimeshavuja, na hapo nitakuambia mfungue wiki hii hii.

Wako,
Grace