YAH: Malalamiko kuhusu vihisi mwendo vinavyochelewesha grafu

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ambayo Februari mwaka huu ilinunua kwenu vihisi mwendo vitatu, yaani vifaa vya kupima umbali wa mtu au kitu kinachosogea mbele yake, pamoja na programu yake ya kompyuta inayovigeuza vipimo hivyo kuwa grafu, kwa fedha zilizochangwa na wazazi. Nalalamika kwa sababu grafu tuliyoahidiwa kuiona papo kwa papo hutufikia jaribio likiwa limekwisha.

Afisa mauzo wenu alipokuja shuleni, alisogeza daftari mbele ya kihisi, na mstari kwenye kioo cha kompyuta ukapanda na kushuka kwa kuufuata mkono wake. Hicho ndicho tulichokubali kukilipia. Programu iliyoletwa na mzigo ni nyingine: inadai tuingie kwanza kwenye akaunti ya intaneti, inapeleka vipimo kwenye seva yenu, yaani kompyuta yenu iliyo mbali, kisha inasubiri virudi vikiwa grafu. Nimepima kwa saa ya mkononi. Mtandao ukiwa mzuri tunasubiri sekunde 40, na mchana hupita dakika 2.

Huenda kwenu sekunde 40 ni kitu kidogo, ndiyo maana naeleza yaliyotokea darasani. Kidato cha Pili walikuwa wakijifunza grafu za umbali na wakati, mada ambayo wanafunzi wengi huukosea mstari unaopanda kwa kuuona kama picha ya kilima. Tiba yake ni mwanafunzi atembee mwenyewe mbele ya kihisi: akisimama auone mstari umelala, akirudi nyuma auone ukipanda, akiongeza mwendo auone ukizidi kuinuka. Msichana mmoja alitembea kukielekea kihisi, akasimama, akageuka kutazama kioo kilichokuwa kitupu, akangoja, kisha akarudi kwenye dawati lake. Mstari ulipoanza kushuka alikuwa ameshakaa, akaniuliza, "Mwalimu, huyo anayetembea sasa ni nani?"

Jambo hili lilikwishapimwa zamani. Mwaka 1987 mtafiti Heather Brasell alichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi wa sekondari walioiona grafu ikichoreka mwendo ukiendelea na wenzao walioonyeshwa grafu baada ya kucheleweshwa kwa sekunde 20 hadi 30, akakuta kwamba ucheleweshaji huo tu ulitosha kuondoa karibu faida yote. Sisi tunacheleweshwa zaidi ya hapo.

Niliwapigia simu mara mbili, nikajibiwa kwamba shule iongeze kasi ya intaneti. Jibu hilo silikubali. Kihisi hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na kungoja mwangwi. Kwa mwanafunzi aliyesimama umbali wa mita 2, mwangwi hurudi kwa takriban sekunde 0.012, na kihisi chenyewe kimeunganishwa na kompyuta kwa waya usiozidi urefu wa meza. Vipimo vimo tayari ndani ya kompyuta. Sioni sababu ya kitaalamu ya kuvisafirisha hadi kwenye seva ndipo tuvione, na kama ipo, naomba nielezwe kwa maandishi.

Kwa hiyo shule inaomba mtupatie, ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii, programu ileile aliyoitumia afisa wenu, inayochora grafu bila intaneti, na fundi aje aisimike na kuijaribu mbele yetu. Ikishindikana, tunaomba mchukue vifaa vyote na kuturudishia fedha kamili; nakala ya ankara na ya risiti nimeziambatisha. Kwa sasa tumerudia mashine ya zamani inayogonga nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi, na vihisi vyenu vimefungiwa kabatini vikiwa na maboksi yake.

Wako,

Mwalimu wa Fizikia,
kwa niaba ya Mkuu wa Shule