Bati halina kosa, angalieni limeshikwa na nini

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila dhoruba ikipita nasikia watu wanalaumu mabati, ooh ya siku hizi mepesi, ooh ya zamani ndo yalikuwa mabati, na mi mwenyewe nilikuwa naimba hivyo hivyo mpaka usiku ule upepo uliponiezulia upande mzima wa nyumba ukaenda kuulaza uwanjani kwa jirani.

Asubuhi nikaenda kuangalia. Mabati bado yamepigiliwa kwenye papi (zile mbao za kulalia bati), papi zimeshika kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa), hakuna hata bati moja lililochanika, yaani paa limetoka zima zima kama mfuniko wa sufuria. Kilichoachia ni pale kenchi inapokaa juu ya ukuta, misumari miwili ya mshazari basi. Kumbe miaka yote hiyo paa letu lilikuwa limekalishwa tu, halijafungwa!

Wengi tunadhani upepo unasukuma paa, wakati kinacholing'oa hasa ni kuvutwa kwenda juu. Ukipita kwa kasi juu yake unalinyonya, alafu ukipata dirisha lililovunjika unaingia ndani na kulisukuma kutoka chini, kwahiyo linavutwa na kusukumwa kwa pamoja. Na kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inakuwa mara 4. Wa kwanza kuumia ni upenu, kingo na kona, huko ndo misumari inatakiwa ikaribiane zaidi. Wale wanaosema fungua madirisha ili upepo upite msiwasikilize, mnaukaribisha ndani.

Sasa fundi. Kaja siku hiyo hiyo na nyundo, anataka mabati yarudi kwenye matundu yale yale kabla jua halijazama, na mtu umeloa watoto wanakuangalia unajikuta unasema sawa tu fundi. Mi nilikataa, akanuna. Msumari mlaini usio na nyuzi unashikwa na mbao tu, mbao ikikauka na paa likitikisika kila siku unalegea, tundu la zamani ndo halishiki kabisa, skrubu yenye mpira inashika vizuri zaidi. Na kila kenchi nilitaka ifungwe kwa ukanda wa chuma unaoshuka mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ukanda ukiishia tofali la juu upepo unaondoka na kenchi na tofali lake.

Kabla ya fundi kuna mambo ya haraka. Zima meni swichi, maji yakishaingia darini huwezi kujua yamegusa waya gani. Piga picha kila kitu kabla hujaokota, wenye bima watazitaka, ila hawatakuelewa ukiacha mvua ya pili imalizie vilivyobaki, kwahiyo funika na utunze risiti. Turubai livuke kilele cha paa na libanwe kwa mbao zilizopigiliwa, mawe hapana, upepo ukirudi hayo mawe yanatua kichwani kwa mtu. Dari likituna maji toboa katundu kadogo, ndoo iwe chini na wewe usimame pembeni, usisubiri lidondoke lenyewe. Vitu vilivyoloa vikauke ndani ya siku 1 au 2, zaidi ya hapo kuvu inaanza. Na kama paa lako ni yale ya zamani ya asbesto usiyakate wala kuyavunja, vumbi lake linaleta saratani.

Kupanda juu paa likiwa bado limeloa sitaki hata kulizungumzia, nilipanda, niliteleza, Mungu alinisitiri.

Upande wangu wa pili haukuguswa na majirani wananiambia nishukuru. Nimeshukuru, ila juzi nilipanda darini na tochi nikachungulia, misumari ni ile ile miwili ya mshazari kila kenchi. Fundi anarudi wiki ijayo, bado amenuna.

Msomaji wako wa siku nyingi