Maji ya mitaro Lindi yapimwe mvua ya kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku kwetu kiangazi chote barabara zinakusanya tu oili ya bodaboda, vumbi, mifuko, kinyesi cha mbuzi, halafu Novemba Desemba ile mvua ya kwanza inasomba vyote mpaka mtaroni na moja kwa moja ghubani, humohumo Mto Lukuledi unamomwaga maji. Sasa mtu akija kuchukua sampo mwezi wa nne, mitaro imeshaoshwa, ataandika maji safi, safi gani? Chukueni mvua ya kwanza ikianza tu, mtaro unapoingia mjini na unapotokea, mpime oksijeni, tope na bakteria wa kinyesi. Na majibu yabandikwe pale kivuko cha Kitunda, sio kabatini (huko sisi hatufiki).

Msomaji, Lindi