Barua ya Wazi kwa Afisa Mambo ya Kale: Nanga Imekwenda, Umebaki Mnyororo

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia juu ya jambo ambalo huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa hakuna asiyelijua: wiki iliyopita wanunuzi wa chuma chakavu waliikata kwa gesi ile nanga kuukuu tuliyoiombea ulinzi, wakaipakia kwenye kirikuu mchana kweupe. Ulipotutembelea ulisimama kando yake, ukapigwa picha, ukaahidi uzio na mtaalamu wa kuichunguza. Picha tuliiona.

Nilipofuatilia, ofisi yako ilinijibu kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vitu vya kabla ya 1863. Sawa, lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza ulinzi kwa vya baadaye, na sijaonyeshwa barua yoyote aliyopelekewa.

Wazee husema nanga ile ni ya meli ya vita ya Wajerumani. Mimi sina hakika, na ndiyo sababu tuliomba mtaalamu. Lakini ziwa hili liliona vita: tarehe 13 Agosti 1914 Kapteni Rhoades, akiwa na meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, aliishambulia meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann pale Sphinxhafen, ambayo ndiyo Liuli ya leo. Wenzetu hutunza vyombo kama hivi: Waswidi waliiibua Vasa, merikebu ya kivita ya matanga iliyozama 1628 katika safari yake ya kwanza, wakaitoa majini 1961 na kuinyunyizia dawa kwa miaka 17 ili mbao zisipasuke. Waingereza wanaitunza Victory, nayo meli ya kivita ya matanga, iliyoshushwa majini 1765, na watu hulipa kiingilio Portsmouth kuiona. Sisi hatukuomba dawa, Mheshimiwa. Tuliomba nguzo na waya.

Mimi hula kwa kutembeza wageni. Ijumaa nilileta wanafunzi kutoka Mbeya mjini, nikawaonyesha shimo mchangani. Walimu wakadai fedha zao, nami nimekopa kuwarudishia. Siamini kirikuu kile kilipita kizuizini bila mtu kufumba macho, ila hilo nawaachia wahusika.

Mnyororo bado upo, nusu yake imefukiwa. Naomba uzio. Kama uzio ni mzigo, naomba kibao. Kama hata kibao hakina fungu, basi naomba barua moja yenye mhuri wako kwa polisi, ya kukataza mnyororo huo usikatwe, na ifike kabla ya gulio la Jumamosi, maana ndiyo siku wanayokuja na mizani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtembeza wageni, Ziwa Nyasa