Kofia yako bado ipo msumarini

Wete, Pemba
20 Oktoba 2024

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Natumai Muscat imekupokea vyema na joto lake limeanza kupungua. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Bimkubwa anakusalimu sana, na ule udi uliomuahidi bado anausubiri.

Ujumbe wako kuhusu Tigers wa Detroit, timu ile ya besiboli ya Marekani, nimeupata: "Nimesikia Tigers wako wametolewa na Cleveland. Si nilikwambia?" Nilitaka kukujibu pale pale kwa simu, nikaona maneno mawili matatu hayatatosha. Wewe uliondoka katikati ya Agosti, na yote yenye utamu yalitokea baada ya hapo.

Unakumbuka tulivyoachana nao. Agosti 10 walikuwa wameshinda mechi 55 na kupoteza 63, na nafasi ya mwisho ya kuingia mchujo, zile mechi za kutafuta bingwa, ilikuwa mbele yao kwa mechi kumi. Mwisho wa Julai viongozi wenyewe walikuwa wameshamwachia Jack Flaherty, mrushaji hodari, aende timu ya Dodgers. Ndipo ukaitundika kofia yako ya buluu yenye D nyeupe barazani kwetu, ukasema mwenye duka akianza kuuza makabati, ujue duka linafungwa. Nilinyamaza. Sikuwa na la kukujibu.

Basi kutoka siku ile mpaka mwisho wa msimu walicheza mechi 44, wakashinda 31. Thelathini na moja, bwana!

Detroit wakianza mechi saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, huku kwetu ni saa saba na dakika arobaini usiku. Na huu ni msimu wa karafuu, kazi ya kuchambua unaijua. Wenzangu wakishalala, mie nabaki jamvini na taa, simu nimeiegemeza kwenye pishi. Picha sikuzitazama, bando lisingehimili. Nilifuata maandishi tu, mrusho baada ya mrusho.

Septemba 5 walikuwa San Diego, wako nyuma 3-0, zamu ya tisa, ya mwisho, wawili wameshatolewa, akitolewa wa tatu mechi imekwisha. Vituo vyote vitatu vina watu. Anaingia Parker Meadows, kijana yule yule aliyerudishwa ligi za chini mwezi wa tano kwa kuwa gongo lake lilikuwa halipati kitu. Maandishi yakasema amebakisha kosa moja tu atolewe. Nilikuwa na kikonyo kimejaa karafuu mkononi, nikashindwa kukichambua wala kukiweka chini. Halafu mtandao ukaganda. Nikapangusa kioo kwa kidole, kikaacha doa la mafuta ya karafuu, na chini ya doa lile nikasoma: 4-3. Mpira umevuka ukuta, wote wanne wamerudi nyumbani, alama nne. Nilipiga ukelele bimkubwa akatoka mbio, akidhani mwizi kaingia kwenye majamvi.

Cha kunishangaza zaidi ni warushaji wao. Wa kumtegemea hasa alikuwa mmoja, Tarik Skubal, yule wa mkono wa kushoto. Ameshinda mechi 18, kawatoa wapigaji 228 kwa makosa matatu, na katika Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili kubwa za kule, hakuna aliyemzidi kwa hayo wala kwa uchache wa alama alizoruhusu. Lakini mrushaji kama yeye hucheza siku moja, kisha mkono upumzike siku kadhaa. Siku nyengine kocha A.J. Hinch alikuwa akigawa: huyu zamu moja, huyu mbili, huyu wapigaji watatu tu kisha akae. Ndivyo hata sisi tunavyomaliza rundo zima usiku mmoja, bimkubwa, shangazi, watoto wa jirani, kila mtu na fungu lake mpaka usingizi umchukue.

Nikwambie jambo ambalo sijapata kukwambia. Mwaka ule timu yetu ya mtaani iliposhuka daraja, mechi sita zikiwa bado, mie nilisingizia mguu. Mguu haukuwa na kitu. Nilichoka kwenda uwanjani kufungwa, nikakaa nyumbani, na wewe ukacheza mpaka ya mwisho. Kwa hivyo kila usiku niliposoma maandishi yale nilikuwa nawaza: hawa nao waliamka asubuhi ya Agosti 11, wakavaa, wakenda kazini, na kila mtu ameshawazika.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Septemba 28, wakawafunga Chicago White Sox 4-1, wakaingia mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2014. White Sox walikuwa wanapoteza mechi ya 121, na tangu 1901 hakuna timu iliyopoteza nyingi kiasi hicho kwa msimu mmoja. Niliwahurumia kwa dhati. Adhana ya alfajiri ilinikuta bado nimekaa jamvini.

Houston, wa raundi ya kwanza ya mchujo, sitakuandikia sana. Tigers waliwatoa kwa mechi mbili, 3-1 na 5-2, uwanjani kwa Houston wenyewe.

Kwa Cleveland walikwenda mpaka mechi ya tano, ya kuamua, Jumamosi Oktoba 12. Ilichezwa mchana kwao, kwa hivyo huku hata kulala watu hawajalala. Skubal alikuwa hajaruhusu hata alama moja katika zamu 17 za mchujo. Zamu ya tano vituo vikajaa, Lane Thomas akaupiga, ukavuka ukuta. Mpira kama ule wa Meadows, safari hii kwa upande wa pili. Ukaisha 7-3. Niliizima simu nikenda kuchambua karafuu za watu watatu.

Lakini hilo hukuniambia wewe. Wewe uliniambia Agosti kwamba wamekufa, na mie nilikuwa nao usiku baada ya usiku wakiwa hai.

Mpwa wangu anaitaka kofia yako, nimemkatalia. Nimeikung'uta vumbi, ila harufu ya karafuu haitoki. Msimu mpya unaanza mwishoni mwa Machi, Ramadhani ikiwa inamalizika, na kwa saa zetu mechi zao zitaangukia wakati wa daku. Ukija likizo, njoo mapema, nitamwambia bimkubwa aongeze sahani moja.

Wasalaam,
Jirani yako wa Wete