Neno "nikingeni": barua kwa mwanangu aliyeingia jeshini

Mwanangu Idi,

Barua yako imefika. Mama yako ameisoma mara mbili kabla ya kunipa, na amefurahi kwamba unakula vizuri. Mimi nimekwama kwenye ule mstari wa mwisho ulioandika kimzaha: kwamba polisi wakizidiwa na waandamanaji mtaitwa nyinyi, na kazi itaisha kwa nusu saa.

Itaisha, ndiyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Unajua nimevaa sare ya polisi miaka ishirini na sita, na ngao ya kutuliza ghasia nimeibeba mpaka bega likaota sugu. Usidhani nawasifia polisi. Tumefanya mambo ya aibu, mengine nikiwapo. Lakini kazi yetu na yenu si moja, hata kama wote tunashika bunduki.

Mwaka 1992 mji wa Los Angeles, Marekani, uliwaka moto baada ya polisi walionaswa kwenye video wakimpiga Rodney King, dereva mweusi, kuonekana mahakamani hawana hatia. Wanajeshi wakaletwa. Katika mji wa jirani wa Compton, polisi wawili wakafuatana na kikosi cha Marine, wanajeshi wa majini wa Marekani, hadi kwenye nyumba yenye ugomvi wa mume na mke. Mtu wa ndani akafyatua marisau kupitia mlangoni, na polisi mmoja akapaza sauti: nikingeni! Kwa polisi, maana yake ni elekezeni bunduki kule, tulieni, fyatueni ikibidi tu wakati mimi nasogea. Kwa mwanajeshi, maana yake ni mimina risasi, adui asiinue kichwa mpaka mwenzako apite. Wakamimina. Zaidi ya risasi 200 ziliingia nyumba ile, na ndani mlikuwa na watoto. Hakuna aliyejeruhiwa; hiyo ni rehema ya Mungu, si ustadi wa mtu. Na hakuna aliyeasi amri pale. Kila mmoja alifanya alichofundishwa.

Mimi nilifundishwa kumtazama mtu mmoja mmoja. Siku moja tumepanga mstari, mbele yangu kijana kashika nusu tofali, mkono uko juu. Nikamtazama hadi miguuni: ndara, moja imekatika kaifunga kwa waya. Nikamwambia, "Weka chini, nenda nyumbani." Akasita, akaliachia, likamwangukia kidole chake mwenyewe, akaondoka akichechemea. Nilikaribia kucheka. Wewe unafundishwa vita, na vitani hakuna muda wa kutazama ndara za mtu. Sikulaumu kwa hilo.

Wapo watakaokuambia wananchi wanalipenda jeshi kuliko polisi. Kweli kabisa. Agosti 1969 wanajeshi wa Uingereza walipoingia mitaa ya Ireland ya Kaskazini, Wakatoliki wengi waliwapokea kwa chai, maana hawakuwaamini polisi wa pale. Januari 30, 1972, mjini Derry, wanajeshi wa miavuli wakawafyatulia waandamanaji. 13 walikufa siku ile. Serikali yao ilikiri mwaka 2010, baada ya uchunguzi wa miaka 12, kwamba mauaji yale hayakuwa na sababu yoyote. Na operesheni iliyoanza kama msaada wa muda ilifungwa 2007. Kuliita jeshi ni rahisi, Idi. Kulirudisha kambini ndiyo kazi.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba jeshi halina nafasi kabisa. Mwaka 1957 gavana wa jimbo la Arkansas, Marekani, aliwatumia walinzi wa jimbo, yaani wanajeshi wa akiba walio chini yake, kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya sekondari mjini Little Rock. Rais Eisenhower akatuma wanajeshi wa Divisheni ya 101, akawatoa na wale walinzi mikononi mwa gavana. Watoto wakasindikizwa hadi shuleni. Walinzi walewale, bunduki zilezile, ila sasa walitumwa kuwafungulia watoto njia, na amri ilitekeleza hukumu ya mahakama iliyowaruhusu kusoma pale.

Ndiyo maana nchi nyingi huweka kufuli. Marekani ina sheria ya mwaka 1878 inayokataza jeshi kufanya kazi ya polisi isipokuwa katiba au Bunge liruhusu. Katiba ya Kenya, ibara ya 241, inataka idhini ya Bunge la Taifa kabla ya wanajeshi kupelekwa kurudisha amani ndani ya nchi. Kufuli hizo zina funguo, na funguo zinashikwa na wanasiasa, kwa hiyo usizitegemee peke yake.

Basi wakiwaita, mimi nataka uulize mambo haya kabla hujapanda lori, kwa adabu zote za kuruta: tunakwenda kulinda nini, jengo au barabara au watu? Nani anatoa amri ya kufyatua, afande wetu au mkubwa wa polisi? Tukimkamata mtu, tunamkabidhi kwa nani? Wakikuona msumbufu, waache wakuone hivyo. Na polisi aliye kando yako akipaza sauti "nikingeni", mwulize kwanza anataka nini.

Mama yako anauliza kama soksi zimekufika.

Baba yako