Mfumo wa bure, leseni ya mamilioni

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzetu wa Njiro aliandika kwenye safu hii kwamba makampuni yanayochukua programu huria (zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma zilivyoandikwa na kuzibadilisha) na kuziuza ni wezi na serikali iwafungie. Nimemsoma nikasema huyu ndugu hasira anazo za haki ila kazielekeza siko. Kuuza ruksa. Hata ile GPL, moja ya leseni za programu huria ambayo watu wanaiogopa, inaruhusu kuuza kwa bei yoyote utakayo, inachotaka ni kwamba uliyemuuzia akidai sosi kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, apewe, na yeye akitaka aibadilishe au ampe mwingine. Shida iko kwingine na mimi nimeiona hapa hapa Moshi, kwenye SACCOS yetu.

Tulinunua mfumo wa mikopo na akiba kwa kampuni moja, jina siwataji. Walikuja na projekta yao pale ukumbini wakasema mfumo huu tumeujenga wenyewe toka mwanzo, vijana wa Kitanzania, wanachama wakapiga makofi kweli kweli. Invoisi ilikuwa na ya kufunga, ya mafunzo, halafu mstari wa tatu "leseni ya mfumo kwa mwaka", na huo mstari ndo ulikuwa na hela kuliko yote mengine ukijumlisha. Tukalipa, na mwaka uliofuata tukalipa tena. Mwisho tukachoka maana ukipiga simu hawapokei, riba ya mikopo ya dharura inakuja vibaya, mama mmoja wa Kibosho akadaiwa mkopo alioumaliza zamani na risiti anazo mkononi, basi tukawaambia jamani tupeni data zetu tuondoke. Wakajibu kwamba data iko kwenye muundo wao wa siri, kuitoa kuna gharama yake tofauti.

Mwenyekiti akamwita kijana wake anayesoma kompyuta Arusha. Seva ni yetu, iko chini ya meza ya karani, nywila tukaitafuta kwenye makaratasi ya siku ya kukabidhiwa. Kijana akaingia akakuta faili limeandikwa fineract-provider, akafungua database akakuta majedwali yanaitwa m_client, m_loan, m_savings_account, akaanza kucheka peke yake aisee sisi tunamwangalia tu. Ndo akatueleza kwamba hii kitu inaitwa Fineract, ilianza kama Mifos, mradi wa Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo midogo kama sisi, baadaye ikakabidhiwa kwa Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia programu huria, na mtu yeyote anaipakua bure leo usiku akitaka. Huo muundo wa siri uko mtandaoni wazi kila mtu anausoma. Data zote akazitoa jioni ile ile, akanywa soda akaondoka.

Sasa msinielewe vibaya. Leseni ya Apache, ambayo ndiyo ya Fineract, imelegea kuliko GPL, inaruhusu uiuze na sosi kodi uifiche. Inachodai ni kidogo sana, maandishi ya haki miliki usiyafute na nakala ya leseni iambatane na unachomkabidhi mteja. Hata hicho kidogo wamekifuta chote wakaweka logo yao. Lakini kilichoniuma zaidi ni toleo lenyewe, lilikuwa lile lile walilofunga siku ya kwanza, apdeti zinatoka bure na hakuna aliyeziweka, kwa hiyo ile hela ya leseni ya kila mwaka sijui ilikuwa inalipia nini.

Mbona wakubwa wameshaonyesha njia ya kula bila kudanganya? Kampuni ya Red Hat imekua kwa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ambao ni wa bure, na IBM wakainunua kampuni hiyo mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Mteja wao anajua kabisa ni Linux, analipia fundi wa kumpigia saa nane usiku na marekebisho yaliyopimwa. Na wanarudisha pia, Linux ya leo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watu wanaolipwa mshahara na makampuni kama Intel, Google na hao hao Red Hat. Sisemi ni malaika, mwaka 2023 Red Hat wenyewe walibana njia ya kupata sosi kodi ya toleo lao la biashara na watu wakapiga kelele sana. Elastic nao, wenye programu ya kutafuta taarifa ya Elasticsearch, mwaka 2021 walibadilisha leseni wakilalamika kwamba Amazon wanauza huduma ya programu yao, Amazon wakachukua sosi kodi ya kabla ya hapo wakatengeneza toleo lao linaloitwa OpenSearch. Kwa hiyo hata juu huko kuna kuvutana, ila wanavutana hadharani na mteja anajua amenunua nini.

Sisi wa Kilimanjaro hili halitakiwi kutusumbua, mifereji ya maji kule mlimani kila mtu anamwagilia migomba yake na akiuza ndizi hela ni yake, lakini siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kutunza mifereji, anatoka na jembe. Programu nazo kuna siku yake. Mwaka 2014 lilipotokea lile tatizo la Heartbleed, kasoro ya usalama kwenye programu huria ya OpenSSL, dunia ndo ikashtuka kwamba OpenSSL hiyo, inayolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilikuwa na mtu mmoja tu wa kazi ya muda wote na michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni ya mabilioni yalikuwa yanaitumia yamenyamaza. Baada ya aibu ndo yakachanga.

Kampuni zetu za hapa sidai zichange mamilioni. Akikuta kosa kwenye hesabu ya riba, alirekebishe na arudishe huko lilikotoka, SACCOS ya Singida au ya Kenya ifaidike nayo. Na kwenye invoisi aandike kazi aliyofanya, kufunga, kufundisha, kuhudumia, bei apange hata kubwa, tutabishana tutaelewana.

Kwa viongozi wenzangu wa vyama, kabla ya kusaini ulizeni mfumo umejengwa juu ya nini na jibu liandikwe kwenye mkataba. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ingetutolea mfano wa mkataba wa kununua mfumo maana wengi wetu tunasaini kwa kuamini tai shingoni mwa muuzaji. Wetu tumeuandika upya: jina la programu iliyo chini litajwe, bakapu ya data tukabidhiwe kila mwezi kwenye diski yetu, na neno leseni likitokea kwenye invoisi waambatanishe hiyo leseni yenyewe tuisome. Kampuni mbili zimeshakataa kusaini, ya tatu imeomba wiki moja ya kufikiria.

Mwanachama wa SACCOS,
Moshi